Mafuta ya Ishirini na Hiari ya Mnunuzi

Kila panapofunguliwa supamaketi mpya katika ukanda huu wetu wa Kusini mwa Pwani, iwe ni Ukunda mjini au kando ya barabara ya ufuoni Diani, mjadala ule ule hufufuka. Upande mmoja hushangilia: bei zimeteremka, mnunuzi amepanuliwa uwanja wa kuchagua, na wenye maduka ya mitaani waliozoea kutukamua wamepata mwenzao. Upande wa pili hulalama kwamba majitu haya ya biashara yatavimeza viduka vyote, na kwamba fedha za Kwale zitakuwa zikivuka Likoni kila jioni zisirudi tena. Nimezisikia hoja hizi barazani, nimezisikia ndani ya matwana, na nimezisoma katika insha za wanafunzi, kwani walimu wengi huipenda mada hii kwa kuwa ina pande mbili zilizo wazi. Kasoro ninayoiona ni kwamba pande zote mbili hulitumia neno "chaguo" kana kwamba maana yake inajulikana na wote.

Mimi ni mtu wa isimu, wala si mtu wa uchumi. Kazi yangu ni kusikiliza jinsi watu wanavyosema. Kwa hiyo naomba msomaji aniruhusu nianze na sarufi, kisha nifike kwenye bei.

Ingia katika duka lolote la kijijini, Msambweni, Gazi au Vanga, usimame kando kwa robo saa. Utamsikia mtoto aliyetumwa na mamake akisema: "Shikamoo ami, mama asema nipimie mafuta ya ishirini, sukari ya ishirini, na majani ya kumi." Hebu tuyatazame maneno hayo. Hakuna kilo, hakuna gramu, hakuna lita. Baada ya kihusishi cha a-unganifu, pale ambapo mgeni angetazamia kusikia kipimo, pamewekwa fedha. Mnunuzi ndiye anayetaja bei, na kazi ya muuzaji ni kutafuta kipimo kitakacholingana na bei hiyo. Supamaketini mambo ni kinyume. Kipimo kimekwisha kuamuliwa kiwandani, bei imekwisha kubandikwa rafuni, na mnunuzi amebakiwa na uamuzi mmoja tu: achukue au aache.

Jambo hili lina historia ndefu katika lugha zetu. Katika Kidigo, kununua ni "kugula" na kuuza ni "kuguza". Kitenzi cha pili kimezaliwa na cha kwanza kwa njia ya usababishi, kama vile "kupoza" kulivyozaliwa na "kupoa". Kitenzi chetu cha Kiswahili "kuuza" kina asili hiyo hiyo ya Kibantu, ingawa mzazi wake ametutoka na mahali pake pakachukuliwa na "kununua". Athari yake bado imo katika neno "gulio". Kwa hiyo, kwa wazee waliotuachia lugha, kuuza kulikuwa ni kumfanya mtu anunue. Asiyeweza kununua, basi wewe hujamwuzia. (Huwaonya wanafunzi wangu kila mwaka wasiihukumu dunia kwa mizizi ya maneno, na onyo hilo linanihusu na mimi. Lakini mfano huu unafaa.)

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa tarakimu za kubuni ambazo mwalimu yeyote anaweza kuzibadilisha ziafikiane na bei za siku. Tuseme kilo moja ya sukari supamaketini ni shilingi 160. Kijijini, sukari ya ishirini ni gramu 100. Anayenunua kwa vipimo hivyo mpaka atimize kilo atakuwa amelipa shilingi 200, yaani 40 zaidi. Hapo ndipo mshangiliaji wa supamaketi anapopiga meza: "Mnaona? Maskini anaibiwa!"

Mama wa Msambweni aliyeshika shilingi 150 jioni ya leo haoni hivyo. Kwa shilingi hizo supamaketi haimpi hata hiyo kilo moja ya sukari, seuze mengine. Ukunda iko umbali wa kilomita 20 na ushei, na nauli ya kwenda na kurudi itakuwa imezipita zile shilingi 40 mara kadhaa. Duka la jirani litampa sukari ya ishirini, mafuta ya thelathini, unga wa sitini, majani ya kumi na chumvi ya tano. Jumla ni 125. Atabakiwa na 25 za kumpelekea mama karanga, akapate kisamaki cha kukaanga, na watoto watakula. Supamaketi imemwekea aina kumi za mafuta ya kupikia, zenye rangi na vizibo vya kila namna, na hakuna hata moja iliyo yake. Duka limemwekea aina moja tu, na aina hiyo anaipata kwa kiasi anachokitaka. Ni nani kati ya hao wawili aliyempa mama huyu hiari?

Naam, sukari ya ishirini ina gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na wasionacho. Silikani hilo. Lakini mvuvi, mchuuzi wa ufuoni, mwendesha bodaboda na huyo mama karanga hupata riziki yao siku kwa siku, na kwao kununua kidogo kidogo si ujinga wa hesabu. Ni njia ya kuzipanga fedha zinazokuja kidogo kidogo. Hapa niseme jambo ambalo huenda walimu wenzangu wasilipende. Mjadala huu wa chaguo huendeshwa, aghalabu, na sisi tunaolipwa mwisho wa mwezi. Sisi ndio tunaoweza kusukuma kigari cha supamaketi na kutoka na unga wa wiki tatu. Tukisema "mnunuzi amefaidika", tunajizungumzia sisi wenyewe huku tukitumia jina la wote.

Wakubwa wa biashara wenyewe wanaelewa haya kuliko waandishi wa makala. Viwanda vya sabuni na vya majani ya chai vimekuwa vikitengeneza vijipakiti vya shilingi chache kwa miaka mingi, na Wakenya wakaupa mtindo huo jina la "kadogo". (Kiambishi hicho cha ka- kimeteremka kutoka bara. Mwenyeji wa Pwani angesema kidogo.) Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, wenye maduka walirudi kwenye karatasi za kufungia, na mnunuzi wa mafuta akaja na chupa yake kutoka nyumbani. Upimaji haukukoma. Tena supamaketi kadhaa zimeweka mashine za maziwa ya kupima, ambapo mteja anaweza kutia fedha kidogo akapata maziwa kidogo. Duka la kijijini limeigwa na supamaketi, japokuwa hakuna anayelipa sifa hiyo.

Tuje kwenye mkopo. Katika maduka mengi ya Pwani pameandikwa, kwa kalamu nene, ile methali ya kukopa harusi na kulipa matanga. Methali imetundikwa ukutani, na chini ya meza limo daftari. Nani asiyelijua daftari? Mtu akiwa hana, huandikiwa, akalipa apatapo. Huu nao ni uhuru wa kuchagua, uhuru wa kuchagua siku ya kulipa, na hauonekani katika tangazo lolote la bei nafuu.

Kwa wakazi wa Ukunda na Diani jambo hili si dogo hata kidogo. Uchumi wa hapa unafuata msimu. Masika ikiingia, kuanzia Aprili hadi Juni, wageni hupungua, hoteli hupunguza wafanyakazi, na baadhi hufunga milango zikafanya ukarabati. Waliokuwa wakilipwa mwezi huwa vibarua, na vibarua huwa watu wa kungojea. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yaliwafukuza watalii kwa muda mrefu, na mwaka 2020, janga la korona lilipozuia ndege, hoteli zikafungwa. Mwezi Desemba 2024 kampuni ya Base Titanium ilikomesha uchimbaji wa madini yake huko Msambweni, na mishahara iliyokuwa ikizunguka katika maduka ya eneo hilo tangu 2013 ikakatika. Katika nyakati kama hizo, familia huvushwa na daftari la jirani. Mashine ya supamaketi inatambua noti, kadi na simu. Haimtambui mtu aliyenunua hapo kwa miaka kumi.

Nitaambiwa kwamba sasa tuna mkopo wa simu. Ni kweli, tangu Januari 2019 tunayo Fuliza, na mtu anaweza kulipa kwa fedha asizonazo hata kwenye supamaketi. Nami kila nikilitamka jina hilo huitafakari maana yake, kwani kufuliza ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Sijui kama aliyelibuni alikusudia kuwa mkweli kiasi hicho. Mkopo wa simu una ada, na hukatwa mara tu fedha zinapoingia, hata kama zilikuwa zimetumwa kwa karo ya mtoto. Mwenye daftari naye hudai, tena wengine hudai kwa sauti, lakini anaweza kuambiwa kwamba mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, akasubiri hadi Ijumaa.

Nisije nikaonekana kama mtu anayelipamba duka la kijijini kwa maua. Ziko mizani zilizochoka, ambazo huchoka siku zote kwa upande mmoja. Kuna wanaouza bidhaa zilizopitwa na tarehe wakijua kwamba mtoto aliyetumwa hasomi tarehe. Kuna vijiji vyenye duka moja tu, na mwenye duka huwa sultani: akikukasirikia, daftari limefungwa na hukumu haina rufaa. Bei ya maelewano nayo ni tamu kwa mjuzi wa maneno. Mgeni, mtu mpole, msichana wa kazi aliyetoka mbali na asiyejua utani wa hapa, hao hulipa zaidi. Supamaketi haimtazami mtu usoni. Tajiri wa Diani na kijakazi wake wanalipa bei ile ile, na wote wawili hupewa risiti. Sioni sababu ya kuudharau usawa huo. Ndiyo maana siungani na wanaotaka milango ifungwe.

Lakini usawa mbele ya rafu una sharti moja, nalo ni kwamba rafu isomeke. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Kifungu cha 7 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Viweke vifungu hivi viwili pamoja, kisha utembee katika supamaketi yoyote ya ukanda huu. Viambato vya chakula, tahadhari kwa wenye kisukari, masharti ya kurudisha bidhaa mbovu, karibu yote yameandikwa kwa Kiingereza, katika kaunti ambayo mzee asiyejua neno la Kiingereza anaweza kukusimulia historia ya Vanga kwa Kiswahili fasaha tangu asubuhi hadi magharibi. Lililotafsiriwa upesi ni tangazo la "ofa". Hapo zamani kidogo, ofa ilikuwa ni kinywaji ulichonunuliwa na rafiki. Siku hizi ni karamu ambayo aliyealikwa ndiye anayelipa. Dukani kwa ami, mnunuzi asiyejua kusoma anaweza kuuliza: hii ni ya lini, imetoka wapi, ina nini ndani? Anaweza kudanganywa, lakini anajua ni nani aliyemdanganya na nyumba yake iko wapi.

Kuna upande mwingine wa mambo ambao wanafunzi huusahau katika insha zao, nao ni kuuliza: punguzo la bei hulipwa na nani? Mwaka 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour nchini, ilikuwa imetumia vibaya nguvu zake za ununuzi dhidi ya Orchards, kampuni ndogo iliyokuwa ikiiuzia mtindi. Baraza la Ushindani liliunga mkono uamuzi huo Aprili 2021. Desemba 2023 Mamlaka ikaitoza kampuni hiyo hiyo adhabu ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa malalamiko ya wasambazaji wawili: Woodlands, wauzaji wa asali, na Pwani Oil, watengenezaji wa mafuta ya kupikia wa hapa hapa Pwani. Kampuni ilikata rufaa. Lililonivutia mimi ni aina ya malalamiko yenyewe: kwamba msambazaji hudaiwa arudishe asilimia fulani ya mauzo yake kwa mwenye duka, hulipishwa ada ili apewe nafasi rafuni, hata hutakiwa kuleta watu wake wa kupanga bidhaa. Bei inayotuchekea sisi rafuni imetoka mfukoni mwa mtu mwingine ambaye hatumwoni.

Asili ya jina lenyewe, Carrefour, ni neno la Kifaransa la njia panda. Mtu wa Pwani anajua kwamba njia panda ni mahali ambapo kafara huachwa. Utani kando, Ufaransa ndiko lilikofunguliwa duka lao kubwa la kwanza la aina hii mwaka 1963, huko Sainte-Geneviève-des-Bois karibu na Paris, na miaka 10 na ushei baadaye Bunge la nchi hiyo likapitisha, Desemba 1973, sheria ya Royer iliyotaka maduka makubwa yapate kibali maalumu kabla ya kujengwa, kwa ajili ya kuwakinga wenye maduka madogo. Hawakuyafunga. Waliyawekea lango, na Ufaransa haijageuka nchi ya dhiki.

Sisi lango letu limekuwa ni kufilisika. Nakumatt, lililokuwa na matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda, na ambalo hata Diani lilikuwa na tawi lake, liliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na Januari 2020 wadai wakapiga kura lifungwe. Tuskys likafuata mkondo huo huo. Shoprite ya Afrika Kusini ilikuja Kenya 2018, na ilipofika 2021 ilikuwa imekwisha kuondoka. Kila lilipoanguka jitu moja, waliobaki na hasara ni wafanyakazi na wasambazaji, ambao miongoni mwao walikuwamo watu wadogo wasiokuwa na wakili. Mkulima wa maembe wa Shimba Hills, au kikundi cha akina mama wanaofuga kuku Kinondo, hawawezi kungojea malipo kwa miezi mitatu kisha wasikie redioni kwamba anayedaiwa amefilisika. Kwa hiyo hawauzi huko, na rafu za Ukunda hujaa vilivyotoka mbali, ilhali minazi na mikorosho inaonekana dirishani.

Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti kazi ya kuendeleza na kusimamia biashara, pamoja na masoko, leseni na biashara ya haki. Maana yake ni kwamba Kaunti ya Kwale haihitaji kungojea Nairobi katika kila jambo. Inaweza kumwuliza kila mwenye supamaketi, kabla ya kumpa leseni, atawalipa wasambazaji wake kwa siku ngapi. Inaweza kutaka bei ya kila kilo iandikwe kwa Kiswahili, rafuni na dukani vilevile. Mizani za maduka madogo zikaguliwe kweli, wala isiwe tu kumtembelea mwenye duka ili kumtisha. Na yule mama karanga asifurushwe kando ya barabara kwa kisingizio cha usafi wiki ile ile ambayo jengo jipya la vioo linazinduliwa.

Walimu mnaotafuta mada za insha, naomba muulizeni mwanafunzi swali jingine badala ya lile la faida na hasara za supamaketi. Mpeni daftari, aende katika maduka matatu ya kijijini kwao, anunue au aulizie sukari ya ishirini, aipime kwa mizani ya maabara ya shule, aandike gramu. Jumamosi mzazi akienda Ukunda, aandikiwe bei ya kilo ya sukari katika supamaketi. Somo la hisabati litapata kazi, na la Kiswahili litapata msamiati. Shule moja ya Msambweni ikifanya hivyo kila wiki kwa muhula mzima, kuanzia masika hadi msimu wa wageni, wajumbe wa Bunge la Kaunti watakuwa na tarakimu za kuwekwa mezani siku watakapoanza kuijadili bei.